Cheti Bila Ada Mbeya na Iringa: Msingi wa Kupunguza Gharama ya Kuthibitisha Uraia

Watoto waliokuwa wakibebwa mgongoni kupelekwa kliniki mkoani Mbeya mwaka 2013 sasa wanaukaribia utu uzima. Mwaka huo, baada ya majaribio katika Wilaya ya Temeke jijini Dar es Salaam, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), kwa kushirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) na wadau wengine, ulianza mkoani humo mpango wa kusajili watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano na kuwapatia vyeti vya kuzaliwa bila malipo. Mikoa ya Iringa na Njombe ilifuata mwaka 2016, kisha mpango ukasambaa katika mikoa mingine mingi ya Tanzania Bara.

Wakubwa miongoni mwa watoto walionufaika Mbeya siku za mwanzo walizaliwa katikati ya mwaka 2008. Hao wanatimiza umri wa miaka 18 mwaka 2026, umri wa kusajiliwa kwa ajili ya Kitambulisho cha Taifa na wa kujiombea wenyewe pasipoti, mkopo wa elimu ya juu au ajira. Ndicho kizazi cha kwanza katika Nyanda za Juu Kusini kinachofika katika ofisi za Serikali kikiwa na cheti kilichotolewa karibu na nyumbani, utotoni, bila ada.

Tukio hilo linatoa nafasi ya kutazama upya suala la ada za uhamiaji na uraia. Mara nyingi mjadala wa ada huishia katika kiasi kinachoandikwa kwenye hati ya malipo. Uzoefu wa Mbeya na Iringa unaonesha kuwa sehemu kubwa ya gharama humwangukia mwananchi kabla hajaifikia hati hiyo: katika kutafuta ushahidi kuwa alizaliwa, alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani. Ushahidi huo ukiwepo tangu mwanzo, ada hubaki kuwa ada. Usipokuwepo, ada huwa ni sehemu ndogo tu ya mzigo.

Uraia hauna bei, uthibitisho una gharama

Sheria ya Uraia Na. 6 ya mwaka 1995 inatambua uraia wa aina tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Mtu aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano baada ya Muungano ni raia wa kuzaliwa iwapo, wakati wa kuzaliwa kwake, angalau mmoja wa wazazi wake alikuwa raia wa Tanzania. Aliyezaliwa nje ya nchi na mzazi Mtanzania huupata uraia kwa kurithi. Mgeni anayetimiza masharti ya sheria huweza kuomba uraia wa tajnisi.

Kwa mujibu wa mpangilio huo, Watanzania walio wengi hawalipi chochote ili wawe raia. Wanazaliwa wakiwa raia. Kinachowagharimu ni kuuthibitisha uraia huo pale wanapohitaji huduma inayoutegemea. Ni vyema ikaeleweka pia kuwa cheti cha kuzaliwa peke yake hakimfanyi mtu kuwa raia, kwa kuwa hata mtoto wa mgeni anayezaliwa katika hospitali ya Mbeya au Iringa husajiliwa na kupewa cheti. Umuhimu wa cheti ni kwamba kinajibu maswali matatu ambayo ofisa yeyote lazima ayaulize: mwombaji alizaliwa lini, wapi, na wazazi wake ni akina nani. Majibu hayo ndiyo yanayoifungua milango inayofuata.

Mlango wa kwanza ni Kitambulisho cha Taifa kinachotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA). Kwa raia, kitambulisho cha kwanza hutolewa bila malipo, na anayekipoteza hulipa shilingi 20,000 kupata kingine. Uzito wa kitambulisho hicho ulidhihirika wakati wa usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019 na kufikia ukomo Januari 2020, pale misururu ya watu ilipojitokeza katika ofisi za NIDA nchini. Wapo waliokwama kwa kukosa nyaraka za awali, ilhali huduma yenyewe haikuwa na ada.

Mlango wa pili ni pasipoti. Pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa nchini Januari 31, 2018, hutolewa kwa shilingi 150,000: shilingi 20,000 wakati wa kuwasilisha maombi, na shilingi 130,000 zinazofuata baadaye. Pasipoti ya awali ilikuwa ikitolewa kwa shilingi 50,000. Ongezeko hilo liliendana na teknolojia mpya ya kuhifadhi taarifa za mwenye hati na kuzuia kughushiwa kwake. Kwa kuwa pasipoti hiyo hudumu kwa miaka 10, gharama yake ni sawa na shilingi 15,000 kwa mwaka. Kwa asiyehitaji safari za mbali au za mara kwa mara ipo Hati ya Dharura ya Safari, ambayo ada yake ni shilingi 20,000.

Hata hivyo, wastani wa mwaka haulipwi kwa mwaka. Unalipwa kwa mkupuo. Wakati pasipoti hiyo inazinduliwa, kima cha chini cha mshahara katika sekta ya kilimo, kwa mujibu wa agizo la mwaka 2013, kilikuwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Mchumaji wa majani ya chai wilayani Mufindi aliyelipwa kima hicho alihitaji mshahara wote wa mwezi mmoja na nusu ili kupata pasipoti moja. Mwombaji wa aina hiyo akilazimika pia kusafiri mara mbili au tatu kutafuta cheti chake na vya wazazi wake, nauli na siku za kazi zilizopotea huongezwa juu ya ada ambayo tayari inaulemea mfuko wake.

Kwa nini vyeti vilikuwa vichache

Uhaba wa vyeti una mizizi mirefu. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ilirithiwa kutoka utawala wa Mwingereza, ambao kwa muda mrefu uliweka mkazo wa lazima kwa Wazungu na Waasia, huku Waafrika walio wengi wakiachwa nje ya daftari. Mtoto aliyezaliwa Rungwe, Chunya au Kilolo aliandikwa na kanisa au hakuandikwa popote. Ndiyo maana vitabu vya ubatizo vya misheni za zamani, kama Rungwe ya Wamoravian na Tosamaganga ya Wakatoliki, viliendelea kuwa ushahidi wa tarehe za kuzaliwa kwa vizazi kadhaa.

Baada ya Uhuru wajibu wa kusajili ulipanuliwa, lakini huduma ilibaki katika makao makuu ya wilaya. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 ilionesha kuwa ni takribani asilimia 13.4 tu ya wakazi wa Tanzania Bara waliokuwa na vyeti vya kuzaliwa. Kwa maneno mengine, kati ya kila Watanzania Bara 100, zaidi ya 86 hawakuwa na waraka wa msingi unaoeleza kuzaliwa kwao.

Ada haikuwa sababu pekee, wala haikuwa kubwa kuliko zote. Kwa mtoto aliyesajiliwa ndani ya siku 90 zilizowekwa na sheria, cheti kilitolewa kwa shilingi 3,500. Kiasi hicho ni kidogo kuliko nauli ya kwenda na kurudi kutoka vijiji vingi vya milimani hadi makao makuu ya wilaya. Mama aliyejifungua katika zahanati ya kijiji alipewa tangazo la kizazi, kisha akatakiwa kulipeleka mjini ndani ya siku hizo, akiwa na mtoto mchanga na mara nyingi katika msimu wa mvua, barabara zikiwa hazipitiki. Wengi waliliweka tangazo hilo sandukuni wakisubiri siku ya kwenda mjini. Siku hiyo haikufika.

Mpango ulioanzia Mbeya uligusa mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, ada iliondolewa kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Pili, usajili uliondolewa katika makao makuu ya wilaya na kusogezwa hadi katika vituo vya tiba na ofisi za watendaji wa kata. Msajili hujaza taarifa, huzituma katika kanzidata kwa kutumia simu ya mkononi, na kumkabidhi mzazi cheti papo hapo. Mama anayempeleka mtoto kupata chanjo huweza kurudi nyumbani na cheti siku hiyo hiyo.

Somo lililopo hapa ni la msingi kwa sera yoyote ya ada. Kuondoa shilingi 3,500 bila kuisogeza huduma kungemwacha mama na nauli yake. Kuisogeza huduma na kuiacha ada kungewaacha nje walio maskini zaidi. Yalipofanyika yote mawili, gharama halisi ya mwananchi ilikaribia sifuri.

Waliotangulia na walioachwa nyuma

Mafanikio hayo hayawafikii wote kwa usawa. Kijana aliyezaliwa Mbeya mwaka 2006, au Iringa mwaka 2009, alikuwa amekwisha kuvuka umri wa miaka mitano mpango ulipofika mkoani kwake. Huyo husajiliwa kwa utaratibu wa waliochelewa, unaohitaji viambatisho kama cheti cha ubatizo, cheti cha kuhitimu shule au nyaraka nyingine za kuthibitisha taarifa zake. Ndugu wawili wa familia moja wanaweza kuwa katika hali mbili tofauti, mdogo ana cheti tangu utotoni na mkubwa anahangaika kukitafuta.

Kwa Nyanda za Juu Kusini jambo hili lina uchungu wa pekee. Utafiti wa viashiria vya UKIMWI na malaria wa mwaka 2011 na 2012 ulionesha kuwa Mkoa wa Njombe ulikuwa na kiwango cha maambukizi ya Virusi vya UKIMWI cha asilimia 14.8 kwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49, ukifuatiwa na Iringa kwa asilimia 9.1 na Mbeya kwa asilimia 9.0. Nyuma ya takwimu hizo wapo watoto waliolelewa na bibi na babu baada ya kufiwa na wazazi. Mzazi alipofariki bila cheti, na mtoto akiwa bado hajasajiliwa, ushahidi wa nasaba ulibaki katika kumbukumbu za wazee. Mzee naye akifariki, kijana hubaki na jina la ukoo na kijiji, lakini bila karatasi.

Kijana wa namna hiyo anapoomba pasipoti hukutana na sharti la kuambatisha cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo kinachothibitisha kuzaliwa kwake. Anapoomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hutakiwa kuwa na cheti kilichohakikiwa na RITA. Sharti hilo ni halali, kwa kuwa bila uhakiki fedha na hati za Taifa zingeweza kuangukia mikononi mwa wasiostahili. Lakini sharti halali humwangukia kwa uzito zaidi yule aliyepoteza wazazi kuliko aliyenao. Kumsaidia mtu huyo ni sehemu ya haki anayodai kwa nchi yake.

Mpakani, ambako swali huulizwa kila siku

Mpango ulipoanza mwaka 2013, Mkoa wa Mbeya ulikuwa bado unajumuisha wilaya zilizounda Mkoa wa Songwe mwaka 2016. Kwa hiyo watoto wa kwanza kusajiliwa ni pamoja na wa Kyela, ng'ambo ya mto Songwe kukiwa na Malawi, na wa Tunduma, mji uliopakana na Nakonde ya Zambia kiasi kwamba wakazi huvuka kwa miguu kwenda sokoni. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga ni ndugu kwa lugha na kwa ndoa. Mpaka ulichorwa juu ya undugu huo, haukuufuta.

Katika mazingira hayo, swali la nani ni raia wa wapi si la kinadharia. Mtoto wa baba Mtanzania na mama Mmalawi aliyezaliwa Kyela ni raia wa Tanzania kwa kuzaliwa. Mtoto wa mama Mtanzania aliyezaliwa katika hospitali ya Karonga anaurithi uraia wa mama yake, lakini cheti chake ni cha nchi jirani. Wote wawili wana haki sawa mbele ya sheria ya Tanzania. Tofauti yao ni wepesi wa kuithibitisha, na hapo ndipo cheti kinachotolewa mapema, chenye jina la baba na la mama, kinapozuia usumbufu wa miaka mingi baadaye. Humsaidia pia ofisa uhamiaji, ambaye bila waraka hulazimika kumtathmini mtu kwa lafudhi na majibu ya mdomo, katika eneo ambalo lafudhi hazitenganishi nchi.

Kwa mgeni wa kweli, njia ni ya tajnisi. Sheria inamtaka awe ameishi nchini kwa miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na kwa jumla ya miaka isiyopungua saba katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo. Anatakiwa pia kufahamu Kiswahili au Kiingereza vya kutosha, kuwa na mwenendo mwema, na kukusudia kuendelea kuishi Tanzania. Ada za maombi hayo huwekwa kwa kanuni, na ni haki ya nchi yoyote kumtaka anayeomba kujiunga nayo achangie gharama za uchunguzi wa maombi yake.

Pamoja na hayo, historia ya Tanzania inaonesha kuwa Serikali haijawahi kuutazama uraia kama bidhaa. Mwaka 1980 Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere iliamua kuwapa uraia wakimbizi wapatao 36,000 kutoka Rwanda, na mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa mchango wake kwa wakimbizi. Katika uamuzi ulioanza kutekelezwa mwaka 2007, wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliokuwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa fursa ya kuchagua kurejea kwao au kuomba uraia. Zaidi ya 162,000 walikubaliwa kwa utaratibu maalumu, na ugawaji wa vyeti vyao ulianza Oktoba 2014. Kama familia hizo za wakulima zingeachwa zikabiliane na utaratibu wa kawaida mmoja mmoja, ni dhahiri nyingi zisingefika mwisho.

Yanayotokea kwingineko

Nchi nyingine nazo zimekuwa zikitafuta uwiano kati ya mapato na haki. Nchini Kenya, tangazo la Novemba 2023 lilipandisha ada kadhaa za uhamiaji na kuweka ada ya shilingi za Kenya 1,000 kwa kitambulisho cha kwanza, ambacho awali kilikuwa bure. Hatua hiyo ilipingwa mahakamani na utekelezaji wake ukasitishwa. Ada ya kitambulisho cha kwanza ilipunguzwa hadi shilingi 300 mwaka 2024, na mwaka uliofuata ikaondolewa. Nchi hiyo hiyo iliwatambua kwa utaratibu maalumu Wamakonde wa Kwale, waliokabidhiwa vitambulisho Februari 2017, na Wapemba wa Kilifi mwaka 2023, jamii ambazo zilikuwa zimeishi humo kwa vizazi bila nyaraka.

Uingereza ilikuwa ikitoza pauni 1,012 kumsajili mtoto kuwa raia, wakati gharama ya kushughulikia ombi moja ilikadiriwa kuwa pauni 372. Februari 2021 Mahakama ya Rufani ya huko ilibaini kuwa ada hiyo iliwekwa bila kuzingatia ipasavyo maslahi ya mtoto, na mwaka 2022 ukaanzishwa utaratibu wa kuwasamehe wasioweza kulipa. Mifano hiyo inaelekeza katika hoja moja: ada ya hiari ya safari ni jambo moja, na ada inayosimama kati ya mtu na utambulisho wake ni jambo jingine.

Mwelekeo unaofaa

Tanzania imekwisha kuitenganisha misingi hiyo kwa vitendo. Cheti cha mtoto mdogo na Kitambulisho cha Taifa cha kwanza hutolewa bila malipo kwa kuwa ni misingi ya utambulisho. Pasipoti hulipiwa kwa kuwa ni hati ya safari. Maombi ya pasipoti kujazwa kwa njia ya mtandao na malipo kufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kumemwondolea mwombaji ulazima wa kushika fedha mkononi mbele ya ofisa, na kumempa uhakika wa kiasi anachodaiwa.

Kilichobaki ni kuuziba ufa uliopo katikati. Vijana na watu wazima waliokosa vyeti kabla ya mpango kufika mikoani kwao wanahitaji usajili unaowafuata katika kata, shule za sekondari na minada, kama ulivyowafuata watoto kliniki. Yatima wanahitaji utaratibu ulio wazi, unaotambua ushahidi wa wazee wa ukoo, watendaji wa vijiji na vitabu vya makanisa na misikiti, bila kulegeza uhakiki. Katika wilaya za mpakani, kuunganishwa kwa taarifa za RITA, NIDA na Uhamiaji kutapunguza haja ya mwananchi kuwasilisha waraka ule ule katika ofisi tatu.

Wazazi nao wana wajibu. Cheti kisicho na ada hakina faida kwa mtoto ambaye mzazi wake hakukifuata. Siku 90 za mwanzo za uhai wa mtoto ndizo rahisi kuliko zote: mashahidi wapo, kadi ya kliniki ipo, na kituo kipo karibu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika suala la uraia ukuta huo hujengwa kwa nauli, viapo na miaka ya kusubiri.

Kijana wa Mbeya anayetimiza miaka 18 mwaka huu akiwa na cheti alichopewa mama yake siku ya chanjo hatajua ni gharama gani aliyoepushwa. Atafika dirishani, atatoa waraka wake, atalipa ada inayostahili na kuondoka. Kaka yake aliyemtangulia kwa miaka mitatu bado anastahili kupata wepesi huo huo.